Mashine ya Januari

Kate,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Kaka Valerian,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu pumzi inaniishia kabla sijafika kwenye maana, na wewe ukinisikia nahema unaanza, "Timoth, pumzika, tutaongea kesho." Karatasi haihemi. Ignasi, konda wa Coaster ya asubuhi, amekubali kuwa posta yetu. Ukimpa soda atafanya kazi hiyo mpaka kiama.

Nataka kutengeneza katuni, dakika tatu tu. Mtu aliyemo ni mimi. Nitoke nyumbani nikiwa mzima, nipande njia ya juu, nitembee uwandani mpaka alipo mtoto, nikae chini, nimsalimie. Coleta anajifungua Machi. Usinipigie kelele. Daktari alisema nisipange mambo ya mbali, na wewe ulikuwa umekaa pale pale, ukajifanya unatafuta chaji ya simu.

Utasema si nijirekodi tu na simu. Kaka, umeniona. Uso umevimba, miguu si yangu tena. Sitaki mwanangu anijue hivi. Picha zangu za zamani ninazo, na kuchora mtu mpaka akatembea ndiyo kazi iliyonilisha miaka yote Dar. Ninachokosa ni kompyuta, zile nilizofanyia kazi ni za ofisi na zimebaki ofisini.

Hela ambayo ukoo ulinichangia unayo wewe, na duka la kompyuta unalo wewe. Nichagulie laptop yenye grafiksi ya kueleweka. Mimi mwenyewe si mzigo mkubwa, majani ndiyo mzigo. Upepo wa huku bila majani kulala ni upepo wa wapi? Kila jani mashine inalihesabia mwanga wake na kivuli chake, picha moja moja, na sekunde moja tu inakula picha ishirini na nne.

Coleta anakusalimia. Anasema safari hii ukija usilete soda, daktari kakataza.

Mdogo wako,
Timoth


Katandala, Sumbawanga
28 Septemba 2025

Mdogo wangu, mshikaji wangu, fundi wa kuchora watu wakatembea,

Marahaba. Barua imefika, Ignasi kadai soda mbili, eti moja ya kwenda na moja ya kurudi. Huyu kijana atakufa tajiri.

Sasa nisikilize, maana kwenye mambo ya mashine mimi ndiye kaka. Ukinunua laptop leo umeliwa. Januari kuna yale maonyesho ya Marekani ambako kampuni zote zinaanika mali, na uvumi wa mwaka huu si wa kawaida. Wekundu, ile kampuni ya nembo nyekundu tuliyokuwa tunaishabikia utafikiri timu ya mpira, inasemekana wanaleta chipu ambayo prosesa na grafiksi ni kipande kimoja. Memori moja, wanakula sahani moja! Hizi za sasa prosesa inakaa huku, kadi ya grafiksi inakaa kule, mzigo unabebwa kwenda na kurudi, joto linapanda, feni inalia kama mashine ya kusaga. Ile mpya haina hizo safari. Kuna mtu amevujisha namba za majaribio, nikazisoma nikasimama peke yangu dukani nikapiga makofi. Mteja aliyekuwa anapigwa picha ya pasipoti akadhani namshangilia yeye.

Wa bluu nao hawajalala. Na wa kijani, wazee wa grafiksi tupu, wanasemekana wanajipikia prosesa yao wenyewe. Fikiria! Mtu wa mboga kaamua kusonga na ugali. Lakini kura yangu iko kwa wekundu.

Kwa hiyo subiri kidogo. Januari si mbali. Mvumilivu hula mbivu. Wewe kunywa dawa, andika hadithi yako, panga picha zako, mashine niachie mimi.

Mwambie shemeji soda sileti, nitaleta uso wangu mzuri tu.

Kaka yako,
Valerian


Kate,
19 Oktoba 2025

Kaka,

Shikamoo. Umenichekesha mpaka Coleta kaja mbio akidhani nimepaliwa.

Haya, nikujibu kishabiki kwanza. Wekundu wazuri, sikatai, na hiyo memori ya sahani moja ingenifaa kwa majani. Ila programu ninayochorea inaelewana zaidi na kadi za kijani. Wekundu wakiahidi, uliza kwanza kama waandishi wa programu wamekubali kuamka. Namba zilizovuja ni za mchezo wa siku moja, mashine ikiwa imefunguliwa na feni ya mezani inapuliza pembeni. Unajua hilo kuliko mimi.

Nimefurahi kubishana. Tangu nirudi Kate watu wanaongea na mimi kwa sauti ya kanisani. Wewe tu ndiye unayenibishia.

Ila kaka, nyuma ya printa yako kuna ile laptop ya kijivu yenye kadi ya kijani. Niliiona mwezi wa saba. Ni ya zamani, ndiyo, lakini inanitosha. Mpe Ignasi ailete. Siku hizi silali chini, nikilala nazama. Naegemea magunia ya mahindi nimekaa, hivyo mikono iko huru mchana kutwa na sina cha kuishikisha. Mifupa ya mtu wangu nimeshaichora kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kurasa zimejaa.

Nitumie ya kijivu. Tafadhali.

Timoth


Katandala,
2 Novemba 2025

Mdogo wangu,

Leo ni siku ya Marehemu Wote, nimetoka misani, nimewaombea baba na mama. Padri alihubiri kirefu, nikasinzia, mama angenifinya.

Ile ya kijivu imeshaondoka, kaichukua mwanafunzi wa chuo. Pole. Lakini hata ingekuwepo nisingekupa. Ile ni kopo! Ungeipa majani ya Ufipa ikafa siku ya kwanza, ukakaa na huzuni. Kama unaona haraka sana, basi fanya ujanja, chora Ufipa ya mwezi wa tisa, watu wameshachoma moto uwanda wote, jani hata la dawa hakuna. Kazi imekwisha!

Natania. Chora majani yako. Na mashine yake inakuja, kila wiki habari zinazidi kunoga. Sasa wanasema grafiksi ya ndani ya chipu itazipita kadi za kawaida za miaka miwili nyuma, na betri itakaa siku nzima. Siku nzima, Timoth, huko kwenu kwa sola. Mashine ya kutumia miaka mitano, sita. Mtoto ataanza shule unaitumia. Ukimaliza hiyo ya dakika tatu utatengeneza ya dakika thelathini.

Nimempa Ignasi dawa zako na migebuka isiyo na chumvi. Nimembembeleza mama mmoja muuza samaki wa Kirando mpaka akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa na hakuna atakayekufa.

Kula. Subiri.

Valerian


Kate,
7 Desemba 2025

Kaka Valerian,

Shikamoo.

Ya kijivu ipo. Ignasi kaiona juzi, umeifunika kwa kitenge nyuma ya printa.

Nilikasirika. Nimekaa na hasira mpaka Coleta akaniuliza nimemeza nini. Baadaye nikasoma tena barua zako zote, hasira ikaisha, ikabaki huruma, na kukuonea huruma ni kazi ngumu kuliko kukukasirikia.

Wewe hungoji mashine. Unangoja nipone. Unaona ukinipa kopo la leo utakuwa umekubali kwamba mimi wa kesho sipo. Basi unanipeleka Januari, Januari tukifika utanipeleka mwezi wa sita, maana kompyuta kila siku kuna nzuri zaidi inakuja, haijawahi kutokea siku haiji. Unanipenda, najua. Lakini unanipenda kwa kuninyima, na siku zinazotumika ni zangu.

Mwalimu Kornel wa hapa kaniuzia laptop yake, ile ya kuchapia mitihani. Tumempa beberu na debe la ulezi. Prosesa yake ya wa bluu, ya zamani mno, kadi ya grafiksi haina kabisa. Imeanza kazi. Picha moja ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha maharage makavu. Nimepunguza majani, sasa ni muda wa kuchemsha chai. Tumeiweka juu ya matofali mawili ipate hewa chini, na feni yake inalia kutwa, Coleta anasema sasa ana wagonjwa wawili wa kifua.

Njoo Noeli. Usije na habari za wekundu. Njoo tu.

Timoth


Katandala,
11 Januari 2026

Mdogo wangu Timoth,

Tangu nirudi kutoka kwenu sijalala vizuri. Tulikula Noeli, tukacheka, nikaisafisha feni ya Kornel kwa mswaki, na lile jambo ulilosema kwenye barua, kwamba nangoja upone, sikulijibu, na wewe hukurudia. Ahsante kwa kutorudia.

Nilikuangalia ukipanda kile kingazi cha mlangoni. Ngazi mbili, Timoth. Ukasimama katikati ukajifanya unaangalia mawingu.

Maonyesho yamefanyika. Imetoka! Kila kitu walichovumisha ni kweli, na kingine hawakuvumisha. Nimeangalia wanavyoijaribu, mtu kaweka msitu mzima, upepo unapita, na mashine imetulia kama haijaambiwa kitu. Na programu yako wameshapatana nayo. Kuna mfanyabiashara Dar anapokea mzigo wa kwanza mwanzoni mwa Februari, nimeshazungumza naye. Naenda mwenyewe. Siagizi mtu, nitaikagua, nitaipakata kwenye basi mpaka Kate.

Usinikatalie hili. Mimi sijui kuomba vizuri kanisani, sijui kukuuguza, Coleta ananitoa jikoni. Kompyuta ndicho kitu pekee ninachokijua. Nipe nafasi nikufanyie ninachokijua.

Kaka yako


Kate,
25 Januari 2026

Kaka,

Shikamoo.

Usiende Dar.

Siandiki kirefu, mkono unachoka. Kazi inaendelea. Kutoka mlangoni mpaka njia ya juu nimeshatembea, na natembea vizuri kaka, hutaamini, mabega yangu ni sawa kabisa na yale ya zamani. Kilichobaki ni kufika kwa mtoto na kukaa. Kila kitu nimeshakipanga, mashine imebaki kuhesabu tu. Sauti nimerekodi maneno machache. Nilitaka mengi, yametoka machache.

Mashine yako ni nzuri, naamini. Lakini kwa siku utakazokaa barabarani na Dar, mimi nataka ukae hapa kwenye kigoda, unibishie. Kuhusu lolote. Sema wa kijani hawajui kitu, nitakujibu. Coleta hajui kubishana kuhusu chipu, nimemfundisha kashindwa.

Naogopa, kaka. Nimeona nikuambie wewe maana wengine nikiwaambia wanaanza rozari.

Njoo.

Timoth


Dar es Salaam,
8 Februari 2026

Timoth,

Barua yako niliisoma stendi ya Sumbawanga, Ignasi alinikimbilia nayo nikiwa nimeshakata tiketi. Nikasema moyoni, siku chache tu, nitarudi na mashine na nitakaa kwenye kigoda mpaka unifukuze. Usinikasirikie.

Mzigo ulichelewa bandarini, nimekaa kwa yule mfanyabiashara kila siku kama mdai. Jana umetoka. Ninayo, iko mapajani mwangu ninavyoandika. Nyembamba, nyeusi, ukiiwasha husikii chochote. Niliijaribu pale pale dukani, nikapakua msitu kutoka mtandaoni. Mdogo wangu, majani yalilala! Mwenye duka akaniuliza nalia nini.

Simu yako haipatikani, ya Coleta vilevile, mvua naona zimeangusha mtandao tena. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, itanitangulia, ili Ignasi akusomee ujue naja. Mimi natoka Jumatano, baada ya kuwekewa programu yako.

Rudisha majani yote uliyopunguza. Yote!

Valerian


Kate,
22 Februari 2026

Shemeji Valerian,

Shikamoo.

Siku ulizokaa hapa msibani hatukuzungumza. Watu walijaa, na wewe ulikaa nje kwenye jiwe hata uji ulikataa. Halafu ukaondoka na mashine zote mbili bila kuaga. Sina neno. Ila kuna mambo nataka uyajue kutoka kwangu, usije ukayasikia kwa Ignasi yakiwa na pilipili.

Timoth alikata roho Jumanne mchana, wewe ukiwa bado Dar. Hakuteseka sana mwisho. Alikuwa ameegemea magunia yake, ananieleza mashine imebakiza kipande cha mwisho, cha kukaa na kusalimia. Akasema, "Ikiisha usiizime, uangalie kwanza." Kisha akanyamaza nikadhani amechoka. Wewe nilikupata kwa simu jioni, kwa kupanda mlimani, na nilichoweza kusema ni kile tu. Hatukuweza kukusubiri. Mwili ulivyokuwa umevimba, wazee waliamua azikwe kesho yake.

Sasa sikiliza. Ile mashine ilikuwa inaendelea. Marehemu yuko chumba hiki, na chumba cha pili feni inalia. Kijiji kizima kimesimamisha kazi, ni wakati wa kufukia majani yaoze kwenye ntumba, matuta yetu ya Kifipa, watu wameacha majembe shambani kwa ajili yake. Baba mkubwa Adolfu akasikia ule mlio, akauliza ni nini. Nikamwambia ni kazi ya Timoth. Akasema, "Mwenye jembe hajazikwa, jembe lake linalimaje? Zima." Na wazee wengine wakaitikia.

Nikadanganya. Nikasema, "Hapana baba, ile haifanyi kazi, inachaji simu za wageni." Akakubali, maana simu ni lazima, watu wanasubiri kupigiwa.

Mama mmoja akasikia. Akaleta simu yake. Akaja wa pili, na jirani akaleta waya wa kuunganisha, mwishowe simu za msiba mzima zikawa kwenye betri ile moja ya sola inayoilisha mashine. Ningewazuiaje, nimeshasema mwenyewe? Nilikaa pembeni ya mume wangu nikisikiliza feni kuliko nilivyosikiliza nyimbo. Tulipokuwa makaburini betri iliisha. Nilirudi nikakuta kimya.

Hakuna aliyefanya kosa ila mimi, na ningesema ukweli wangeizima vilevile. Nawaza hivyo, halafu situlii.

Mtoto amekaribia, nesi anasema siku yoyote. Naomba unimalizie. Timoth alisema picha zilizokwisha hazipotei. Na usikae huko peke yako, shemeji. Njoo.

Coleta


Katandala,
25 Februari 2026

Shemeji Coleta,

Marahaba. Nisamehe kwa kuondoka bila kuaga. Nilishindwa kupita mbele yako nikiwa nimebeba lile boksi.

Kwanza hili: hukumharibia chochote. Picha zilizokwisha nimezikuta zote, amezipanga kwa namba kama alivyokuwa anapanga viatu utotoni. Kila kitu alichotaka kimeandikwa, hata mahali pa kuongeza majani iwapo mashine ya Januari itafika. Aliandika hivyo hivyo, "iwapo". Pembeni akaandika, "Kaka atajua."

Nikahamishia kila kitu kwenye mashine mpya. Nikarudisha majani yote, tangu mlangoni, nikaiambia ianze mwanzo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilifunga duka, nikaleta godoro, nikaleta mkate na chupa ya chai, nikasema nitakaa naye siku zote itakazohitaji, kama nilivyotakiwa kukaa. Nikabonyeza, nikamimina chai.

Shemeji, ilimaliza kabla sijaigusa chai ya pili. Yote, dakika tatu zote. Na haikupiga hata kelele.

Nimemwona. Anatoka mlangoni anaruka zile ngazi mbili kwa mara moja. Anapanda njia ya juu na pumzi hazimtoki. Anafika, anakaa, anasema, "Mwanangu, mimi ni baba yako, nimekuja kukuona." Basi, hayo tu. Sauti yenyewe ni ya kuhema, si ya yule mtu anayetembea, na sikuigusa.

Nakuja Jumamosi, nitabaki mpaka ujifungue, na baada ya hapo mpaka unifukuze.

Kompyuta hii mtoto ataikuta mpya. Haipati joto, betri inakaa siku nzima, majani yanalala upepo ukipita. Kila nilichomwandikia mdogo wangu kuhusu hii mashine kilikuwa kweli, shemeji. Yote. Hakuna hata moja nililomdanganya.

Valerian